Samaki wadogo, amana kubwa



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni samaki wa kufugwa sebuleni ndani ya tangi la kioo. Tunalileta katika ukurasa huu wa familia kwa sababu lilitokea nyumbani kwetu, hapa Mtendeni, Tabora, likatuaibisha mbele ya mtoto wetu, kisha likatufundisha yale ambayo hatukuyajua kwa umri wote tulionao.

Baada ya Idi-el-Fitri mjomba wa watoto alikuja kututembelea kutoka Dar es Salaam. Miongoni mwa zawadi alizoleta, kijana wetu wa miaka tisa alipata mfuko wa plastiki uliofungwa na maji na hewa, ndani yake samaki watatu, kila mmoja mrefu kama kidole cha mwisho cha mtoto, wenye milia ya buluu na fedha iliyonyooka kutoka kichwani hadi mkiani. Walikuja na bakuli lao la kioo. Tulifungua bomba, tukajaza bakuli, tukawamimina samaki, tukawatupia makombo ya mkate, na tukaridhika kwamba tumewakirimu wageni.

Siku ya nne mmoja alionekana akielea, tumbo juu. Siku ya sita akafuata wa pili. Aliyebaki alijibanza nyuma ya jiwe, rangi yake imefifia, chakula hakigusi. Mtoto alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Baba, huyu sasa amekuwa yatima. Ni sisi tuliowaua wenzake?"

Jibu lililotujia haraka lilikuwa, "Hao ni samaki tu, tutanunua wengine." Tunamshukuru Mola kwamba halikututoka mdomoni. Mtoto hakuwa anauliza bei. Alikuwa anauliza kama sisi wazazi, tunaomfundisha kila siku habari ya haki na amana, tumeitimiza haki ya viumbe waliowekwa mikononi mwetu.

Aliyefungwa hajitafutii

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Wengi tunaijua hadithi sahihi, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tuizingatie kosa lake lilikuwa nini. Alimfunga, kisha hakumlisha wala hakumwacha aende kujitafutia mwenyewe. Mwenye kumfunga kiumbe amechukua juu ya shingo yake riziki na usalama wa kiumbe huyo. Paka wa mtaani akikosa chakula kwetu atakipata kwa jirani. Samaki aliye ndani ya kioo hana jirani. Chakula chake, maji yake na hata hewa anayovuta vyote vimo katika uamuzi wetu.

Upande wa pili ipo hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik. Mtoto huyo alikuwa na kijindege alichokuwa akicheza nacho. Kijindege kilipokufa, Mtume (SAW) alimwona mtoto ana huzuni, akamliwaza kwa kumuuliza habari za kijindege chake. Wanavyuoni wametoa katika tukio hilo fupi mafunzo mengi. Ibn al-Qass wa madhehebu ya Shafi alihesabu zaidi ya sitini. Miongoni mwa wanayoyataja ni kwamba inajuzu mtoto kuwa na kiumbe wa kumliwaza, maadamu hateswi. Na sisi tunaongeza, kwa upande wa malezi, kwamba Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuidharau huzuni ya mtoto juu ya kiumbe mdogo.

Basi ruhusa ipo, na sharti lipo. Kasoro yetu ilikuwa kuichukua ruhusa na kuliacha sharti.

Samaki wa jamaa

Tulikwenda kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyefundisha biolojia kwa miaka mingi. Alitusikiliza, akatabasamu, akasema: "Ndugu yangu, hamkuwaua kwa njaa. Mliwaua kwa maji. Na huyo aliyebaki anakufa kwa upweke."

Alitufahamisha kwamba samaki wale wanaitwa danio. Asili yao ni mito na madimbwi ya India, Nepal na Bangladesh, na mtaalamu Francis Hamilton aliwaeleza kwa mara ya kwanza mwaka 1822 katika kitabu chake cha samaki wa mto Ganges. Hawazidi sentimita 4 au 5. Nao ni katika samaki wanaoishi kwa makundi.

Kundi kwa samaki wa aina hii ndiyo ngome yao. Adui akitokea, samaki kumi wanaogeuka kwa pamoja humchanganya macho, asijue amfuate yupi. Macho kumi huona hatari mapema kuliko macho mawili, na kumi wakitafuta chakula, mmoja akikipata wote wamekipata. Ubavuni mwa kila samaki umo mstari wa hisia unaopokea mtikisiko mdogo wa maji, na kwa msaada wa mstari huo na macho yake hujua mwenzake amegeukia wapi, naye akageuka papo hapo. Ndiyo maana kundi zima huenda kana kwamba ni kiumbe mmoja.

Mtenge mmoja na kundi lake, na umemvua silaha. Hujificha mchana kutwa, hupauka rangi, huacha kula, na kwa hofu ya kudumu hupatwa na maradhi upesi. Wakiwa wawili au watatu, mara nyingi mwenye nguvu humwandama mnyonge. Wakiwa wengi, ugomvi huo hugawanyika na kupoa. Kwa hiyo wafugaji wenye uzoefu hushauri wasipungue 6, na wakifika 8 au 10 ni bora zaidi.

Sisi watu wa Tabora tulipaswa kulielewa hili bila kufundishwa. Mji wetu ulikua katika karne ya 19 juu ya njia ya misafara, kati ya Bagamoyo na Ujiji, na katika njia ile mwenye akili hakusafiri peke yake. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa makundi makubwa, na mtu aliyebaki nyuma alikuwa hatarini. Mtu ni watu, wanasema wazee. Na Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-An'am aya ya 38, inatukumbusha kwamba wanyama wa ardhini na ndege nao ni umma kama tulivyo sisi. Tunapoisoma aya hiyo mbele ya kundi la samaki, tunaona aibu kwamba tulimchukua kiumbe wa umma tukamweka peke yake ndani ya bakuli.

Mfano wa karibu zaidi tunao mezani. Dagaa wa Kigoma, wanaotufikia kwa magunia kupitia reli, ni samaki wadogo wa maji baridi wanaoishi kwa makundi makubwa katika Ziwa Tanganyika. Mvuvi huwafuata usiku wa giza, akiwavuta kwa mwanga wa taa. Aina mojawapo ya dagaa hao ilipandikizwa katika Ziwa Kivu, na huko huitwa sambaza. Mtoto wetu aliuliza kwa nini tusifuge dagaa, maana ni wa kwetu. Mwalimu akamjibu kwamba dagaa ni laini mno. Magamba yake hupukutika kwa kuguswa tu, na hufa punde baada ya kuvuliwa. Ziwa hilo hilo lina samaki wengine wa makundi ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani huwaagiza kwa bei kubwa, kama wale waitwao Cyprichromis, ambao jike hulea mayai na vifaranga mdomoni mwake. Hao hutaka tangi kubwa sana na maji yenye chumvichumvi za madini kama ya ziwa lao. Si wa kuanzia.

Maji kwanza, samaki baadaye

Sasa tuje kwenye kosa letu kubwa. Tulidhani maji safi kwa macho ni maji salama kwa samaki. Kumbe sivyo.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya maradhi. Kwetu sisi wanywaji hiyo ni neema, lakini kwa samaki huchoma matamvua anayopumulia. Dawa yake ya kawaida ni kuyaacha maji ndani ya ndoo iliyo wazi kwa siku nzima au zaidi, klorini ipotee hewani. Maji ya kisima hayana klorini, lakini nayo yaachwe yatulie mpaka joto lake lilingane na la tangi.

Hatari ya pili haionekani kabisa. Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Mwenyezi Mungu amejaalia bakteria wadogo wanaoila amonia hiyo na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha wakaja bakteria wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haidhuru. Bakteria hawa hujenga maskani juu ya changarawe, mawe na sifongo ya chujio. Lakini tangi jipya halinao. Huchukua majuma 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Anayetia maji leo na samaki leo amewaingiza viumbe katika nyumba isiyo na choo. Ndivyo tulivyofanya sisi.

Kwa hiyo tulianza upya, mara hii kwa utaratibu. Fundi vioo alitutengenezea tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35, akaliunga kwa silikoni. Hilo huchukua kiasi cha lita 60 za maji. Tukumbuke kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo meza iwe imara. Tulitandaza changarawe iliyooshwa bila sabuni, tukaweka chujio dogo la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa, na mimea michache ya majini. Kila siku mtoto alitia chembe ya chakula ndani ya tangi lisilo na samaki, ili ioze na kuwaita bakteria. Majirani walitucheka: "Mnalisha maji?" Mtoto akawajibu kwamba analisha wasioonekana.

Yule mmoja aliyebaki tulimweka katika ndoo pana yenye kifuniko cha wavu, tukimbadilishia nusu ya maji kila siku kwa maji yaliyolala, na kumpa chakula kidogo mno. Hatukujua kama ataishi.

Majuma matano yalipita. Kwa vijiti vya kupimia alivyotutumia mjomba, tulihakikisha kwamba amonia na nitriti zimefika sifuri. Ndipo alipokuja na danio wengine wanane. Mfuko wao tulíuelea kwanza juu ya maji ya tangi kwa robo saa ili joto lilingane, tukawa tunawaongezea maji ya tangi kidogo kidogo, kisha tukawaachia. Mwisho tukamleta yule wa ndoo. Alisimama pembeni kwa muda mfupi. Kundi lilipopita mbele yake, akajiunga nalo, na kabla ya Isha hatukuweza tena kumtambua kati ya wenzake. Mtoto alisema "Alhamdulillah" kabla yetu.

Kazi za kila siku

Kwa familia itakayopenda kufuata njia hii, tunatoa muhtasari wa tuliyojifunza.

Chakula ni mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika mbili. Kinachobaki huoza na kuwa sumu. Tumbo la samaki huyu ni dogo kama jicho lake, na samaki wengi wa nyumbani huuawa na ukarimu kuliko njaa. Mkate si chakula chao. Familia ikisafiri siku mbili tatu, samaki wazima wenye afya huvumilia bila kulishwa. Ni salama kuliko kumwachia jirani asiyejua kipimo.

Kila juma tunatoa robo ya maji, yaani lita 15, na kurudisha maji yaliyolala. Hapa mama watoto alisimama, na haki ilikuwa yake. Alisema: "Mji huu tumebeba ndoo vichwani miaka mingapi, leo tumwage maji kwa ajili ya samaki?" Tabora kwa muda mrefu ilitegemea bwawa la Igombe, na ni katika miaka ya karibuni tu ndipo maji ya Ziwa Viktoria yalipotufikia kwa bomba. Wenye kujua thamani ya maji hawapaswi kufanya israfu. Tukakubaliana kwamba maji hayo yasimwagwe hata tone. Yana nitrati, na nitrati ni mbolea. Sasa yanamwagilia mchicha wake nyuma ya nyumba, na ndiye anayetukumbusha siku ya kubadilisha.

Sifongo ya chujio ikichafuka, ioshwe ndani ya maji yaliyotolewa tangini, si chini ya bomba, kwani klorini itawaua bakteria tuliowangoja kwa majuma matano. Umeme ukikatika, tusihangaike; kwa saa chache samaki wasiosongamana hustahimili. Ukichelewa kurudi, tunachota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

Danio hupenda joto la nyuzi 18 hadi 25, na hili ni miongoni mwa sababu za kuwachagua. Tabora ipo juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni baridi. Samaki wengi wa nchi za joto wangehitaji kifaa cha kupasha maji. Mwezi wa kumi, jua linapochoma, tangi likae mbali na dirisha, maana maji ya moto hushika hewa kidogo. Na daima liwe na kifuniko, kwa sababu danio ni hodari wa kuruka.

Neno moja zito. Siku familia ikichoka, samaki wasimwagwe mtoni wala Igombe kwa kisingizio cha kuwapa uhuru. Mgeni wa majini anaweza kuvuruga umma mzima. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Viktoria kuanzia miaka ya 1950, na aina nyingi za furu waliokuwa hawapatikani popote pengine duniani zikatoweka. Mpe samaki anayeweza kuwatunza, au usianze.

Jibu la mtoto

Sasa ni mwezi wa tatu. Kijana wetu huamka kwa Alfajiri bila kuitwa mara mbili, kwa sababu baada ya sala ndio wakati wake wa kuhesabu kundi. Wako tisa. Akikosa mmoja, hupekua nyuma ya kila jani mpaka ampate.

Lakini swali lake la kwanza bado tulikuwa na deni nalo. Jioni moja tulimketisha tukamwambia: "Ndiyo, mwanetu. Ni sisi. Tuliwaua kwa kutojua, na tulikuwa na wajibu wa kuuliza kabla ya kuwapokea. Tumemwomba Allah (SW) msamaha." Alinyamaza kidogo, akasema: "Basi wakati mwingine tuulize kwanza."

Wazazi wenzetu, tunahofia kukiri kosa mbele ya watoto tukidhani heshima itapungua. Sisi hatukuona ikipungua. Tulichokiona ni mtoto aliyejifunza kwamba amana huanza kabla ya kupokea kitu, huanza pale mtu anapouliza, "Huyu anahitaji nini, na je, ninacho?" Swali hilo litamfaa siku atakapokabidhiwa mali ya yatima, kazi ya umma au familia yake mwenyewe. Akilizoea mbele ya samaki tisa, inshaAllah halitakuwa geni kwake.

Anayetaka kuanza, basi anunue tangi, ajaze maji, angoje majuma matano. Asiyeweza kungoja majuma matano, tunamshauri kwa heshima asinunue samaki.

Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.